Mbogo Imetoka kwa Shamba

Mtu akikasirika, tunasema amekuwa mbogo. Mimi nimeitwa hivyo tangu shule ya msingi, na mara nyingi sikuwa na la kujitetea, kwa sababu aliyeniita nilikuwa nimeshamkaba koo. Baba yangu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeukataa msemo huo. Wala hakuwa ananitetea mimi. Alikuwa anawatetea mbogo.

"Banasingizia mbogo bule," husema mpaka leo kwa Kiswahili chake cha Congo. "Hasira ni ya bantu."

Baba yangu, Mzee Rutayisire, alizaliwa na kukulia Congo, upande wa Rutshuru, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kufuata nyayo za mbogo katika mbuga ya Rwindi. Watafiti walikuja na kuondoka, yeye akabaki na kaye yake, ndivyo tunavyoliita daftari, akiandika kila siku: mbogo mia mbili na kumi, mbogo wamelala, mbogo wamevuka mto. Mimi Larissa nilizaliwa huko, wa mwisho katika mabinti watatu. Mwaka 1996 tulirudi Rwanda, nchi ya babu zetu, tukafika Rusizi, na Baba akapata shamba kwenye kilima cha Nyakabuye, mahali ambapo ukikaa mlangoni pa jiko unauona msitu wa Cyamudongo. Msitu ule una sokwe na kima na ndege wa kila rangi. Mbogo hauna hata mmoja, na Baba alilijua hilo kuliko sisi sote. Siku ya kwanza alizunguka ukingo wake kutwa nzima, akarudi na matope magotini, akamwambia Mama, "Musitu ni muzuri, ila iko kimya." Kisha akachukua jembe.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Nilikuwa kwenye meza yangu ya vitenge sokoni Kamembe, nikibishana na mama mmoja aliyedai kitenge changu kinachuja rangi, simu ikalia. Ujumbe wa Baba, herufi kubwa tupu, maana hajawahi kujua zile ndogo zinapatikanaje kwenye simu yake ya vibonyezo:

MBOGO IMETOKA KWA SHAMBA. IKO MINGI. MUKUJE BOTE.

Nilisoma mara mbili. Nikampigia, simu imezimwa. Baba huzima simu akishatuma ujumbe ili kutunza betri, na ukimwambia kwamba umeme upo siku hizi anakuuliza nani amemhakikishia kesho. Kabla sijaiweka mezani ikalia tena. Yaya Umwali, dada yetu mkubwa, kutoka Kigali.

"Larissa, umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi Papa kichwa imepotea. Anaona mbogo."

Umwali hafanyi jambo nusu. Tangu mama yetu, Thacienne, afariki miaka minne iliyopita, amekuwa akisema Baba hawezi kuishi peke yake kilimani. Nyumbani kwake Kicukiro ana chumba tayari, chenye kitanda, neti, na picha ya Mama ukutani. Baba alikataa mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa kimya. Mara ya tatu alikuwa ametoka kuteleza kwenye njia ya kisimani, akaumia nyonga, akalala kwenye majani saa nzima kabla jirani yake hajamsikia. Hiyo alikataa kwa sauti iliyotawanya kuku wa uani.

"Sasa hakuna kukataa tena," Umwali alisema. "Kesho tunakuja, mi na Uwineza. Tunamubeba. Naleta valizi."

Nilimwacha mama wa kitenge akiwa na kitenge mkononi. Niliogopa, na sioni haya kusema. Namjua baba yangu. Mtoe kwenye kilima kile umweke kwenye ua wa saruji wenye geti, atakuwa mtiifu, atakunywa dawa zake, ataitikia kila neno, na baada ya miezi michache tutamrudisha Nyakabuye kumzika. Lakini nilijua pia kwamba kama kweli anaona mbogo mahali pasipo na mbogo, sikuwa na la kumjibu dada yangu.

Jumamosi saa saba mchana tulikuwa wote watatu njiani kuelekea uani kwake. Umwali alikuwa na valizi, sanduku la safari la bluu, kubwa na tupu, aliloliburuta kwenye mawe kwa kelele za kuamsha kijiji. Uwineza, wa kati, ni muuguzi Huye; yeye alikuja na mashine ya kupima presha. Mimi nilikuja na hasira zangu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake kifupi mbele ya mlango, fimbo katikati ya magoti, amevaa koti la Jumapili na kofia, amenyoa ndevu. Hakusimama. Alitutazama tu mmoja mmoja tulivyokuwa tunaingia. Yeye mwenyewe alitufundisha tukiwa wadogo kwamba simba hunguruma akikuona, tembo hutandaza masikio, lakini mbogo huinua kichwa akakutazama, basi. Na kazi ya kujua anawaza nini ni yako wewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku hiyo nilijaribu kumsoma nikashindwa.

Kwenye mafiga alikuwapo Maman Véronique, jirani, mjane wa Bukavu ambaye kila Jumanne na Ijumaa huvusha mboga mpakani kwenda kuuza kwao. Ndiye aliyemwokota Baba njia ya kisimani. Alikuwa amebandika sufuria ya msiba mzima kwa watu watano.

"Papa, mbogo iko wapi?" Umwali aliuliza, hata salamu bado.

Nilimwona Baba anafumba macho kidogo, kama aliyesikia jambo alilolitarajia.

"Karibuni, batoto. Munatoka mbali. Mukule kwanza."

"Papa. Mbogo."

"Mbogo haitakimbia. Mukule."

Umwali alimtazama Uwineza, Uwineza akatoa mashine.

Tulikula ugali, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na lengalenga, ile mboga ya majani ambayo wengine huita mchicha, sahani baada ya sahani. Katikati ya matonge Uwineza alimfunga Baba ule mkanda mkononi akaanza maswali yake ya hospitali, kwa sauti ya kubembeleza inayoniudhi hata ikielekezwa kwa mwingine.

"Papa, leo ni siku gani?"

"Ni siku yenye mumenikumbuka."

"Ujibu vizuri, Papa."

"Samedi. Jumamosi."

"Muzuri. Na mi nilizaliwa siku gani?"

"Ile uulize mama yako. Yeye njo alikuwa pale. Mi nilikuwa kwa mbogo."

Uwineza aliacha kutafuna. "Anasema nimuulize Mama," alimnong'oneza Umwali, na Umwali akaweka sahani chini, akafuta mikono, akaingia ndani na valizi. Kupitia dirisha tulimsikia akifungua kabati. Baba naye alisikia. Mkono wake ulihama kutoka kwenye sahani ukaenda kwenye fimbo, na ukabaki hapo.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba nikashuka shambani kutafuta nyayo. Mniwie radhi, najua hakuna mbogo Nyakabuye, lakini wakati ule ningefurahi kumkuta hata mmoja amesimama kwenye viazi. Baba alitufundisha kusoma nyayo kabla hatujajua kusoma herufi: kwato za mbele ni pana kuliko za nyuma, maana zinabeba kichwa kizito, na kama ukingo wa unyayo bado umesimama wima, wewe rudi ulikotoka. Niliinama nikatafuta. Hakukuwa na kwato. Kulikuwa na mistari ya lengalenga iliyonyooka, inayofika kiunoni, kisha kabichi, kisha lengalenga tena, hadi chini kwenye bonde. Shamba zima limetoka. Sijawahi kuona mboga nyingi namna ile kwa mzee mmoja.

Mboga.

Nilisimama katikati ya majani nikatoa simu. Nilipandisha ujumbe wa Baba juu, na ule wa kabla yake, na wa kabla yake tena. Wiki mbili nyuma: MBOGA IMETOKA KWA SHAMBA. IKO MINGI. MUKUJE. Nilikuwa nimejibu, Sawa Papa. Siku nne baadaye: MBOGA INAKOMAA. MUKUJE KULA. Nilikuwa nimejibu, Sawa Papa, nikipata nafasi. Kisha wa tatu, MBOGA INAPITA WAKATI, na huo sikuujibu kabisa. Kutoka Kamembe hadi hapo ni safari ya basi dogo na pikipiki. Ningeweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nilisikia fimbo nyuma yangu. Baba alikuwa ameshuka polepole, nyonga ikimvuta upande.

"Uko natafuta nini, bucura?" Ndivyo anavyoniita, ndilo jina la kitindamimba kwetu.

"Papa, ulitaka kuandika mboga."

"Ndiyo."

"Kidole ilikosea."

"Kidole ilikosea." Alikitazama kile kidole cha kulia kama mtoto mtundu. "Miaka makumi mbili na mbili iliandika mbogo, iko na mazoea yake." Kisha akatazama shamba, si mimi. "Ila niliona kosa mbele ya kutuma."

Nilirudisha simu mfukoni.

"Umeshasikia mbogo ikilia?" aliuliza. "Hapana, ulikuwa mudogo. Ikiwa inakula, haina sauti. Ila simba ikiiangusha, inalia sauti moja, inatoka kwa tumbo. Na kundi yenye ilikuwa inakimbia, inasimama. Inageuka. Yote, na bake mbele, zile za kike, na ile yenye iko na batoto. Niliona simba tano zinapanda miti." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nikaona ile neno kwa simu, MBOGO. Nikasema, wacha nitume. Wacha nione kama mi niko na kundi."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi zaidi.

"Sasa juu ya nini hausemi? Yaya Umwali anafunga valizi!"

"Sikuwaza banaweza kuja na valizi," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba baba yangu ameshikwa na mtego wake mwenyewe. "Nikisema nilidanganya, siku nitalia ya kweli hakuna mwenye atageuka. Nikinyamaza, naenda Kigali. Usibaambie, bucura. Wacha."

"Wacha?"

"Wacha."

Mimi si mtu wa kuacha. Nilipanda kile kilima nikamkuta Umwali ametoka na nguo uani, ameketi mbele ya valizi iliyo wazi, akikunja mashati ya Baba kwa utaratibu wake ule wa kupanga kola na kola. Nilitoa mashati. Nilitoa suruali. Nilitoa hadi soksi, nikazirundika kwenye ungo wa Maman Véronique, na Umwali alipofungua kinywa nilimsomea ujumbe wa Baba kwa sauti, wote, wa mboga na wa mbogo, pamoja na majibu yangu. Sikujiacha. Nilisoma "nikipata nafasi" mara mbili.

"Mutoe simu zenu," nilisema. "Na nyinyi musome."

Walitoa. Umwali alikuwa amejibu ujumbe wa kwanza kwa kuuliza kama amekunywa dawa. Uwineza alikuwa amejibu jumbe zote tatu kwa ile picha ya kidole gumba, ambayo kwenye simu ya Baba haionekani. Huonekana kiboksi kitupu. Baba alikuwa amepata viboksi vitatu vitupu kutoka Huye.

"Nilizani simu yake imeharibika," Baba alisema nyuma yangu. Alikuwa amefika, anahema. "Larissa, nilikuambia uwache."

"Na uliona kosa ukatuma tu?" Umwali alimuuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nimelia njia yote, Papa. Kutoka Kigali mpaka musitu ya Nyungwe nimelia."

"Unisamehe, mutoto wangu."

Umwali aliketi juu ya valizi tupu. Nilidhani nimeshinda. Lakini dada yangu si mjinga, na penzi lake kwa Baba si dogo kuliko langu.

"Bon," alisema hatimaye. "Kichwa ni muzima. Na nyonga? Ukianguka tena kwa kisima, na Maman Véronique ameenda Bukavu, unalia, nani anasikia? Mi niko Kigali. Uwineza iko Huye. Larissa iko na vitenge. Kundi gani itageuka?"

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa nimefika pale na kidole cha kunyooshea wenzangu tu.

Baba alirudi kwenye kiti chake akakaa kwa shida. Ilikuwa saa kumi hivi, jua limeacha kuchoma, wakati ambao zamani angekuwa kwenye kichuguu fulani na kaye yake.

"Anasema kweli," alisema. "Munisikilize. Banasema mbogo ni munyama mubaya. Mi nilitembea karibu na kundi ya mbogo mia mbili, na haikunifanya kitu. Iliniangalia, ikaendelea kula. Ndani ya kundi kulikuwa moja kipofu, macho yote mbili. Niliiandika miaka ine. Inaweka kidevu kwa mugongo ya mwenzake, inatembea, inanona. Yenye inaua bantu ni ile dume muzee, yenye imebaki pekee yake kwa matope. Inakurukia bila kuuliza. Bazungu banasema ni hasira. Haiko hasira. Iko juu ya hakuna mutu nyuma yake." Alituangalia. "Tangu mama yenu alienda, mi nawarukia. Najua."

Uwineza alikuwa analia waziwazi sasa, mashine ya presha mapajani.

"Basi useme wewe," Umwali alimwambia. "Unataka nini, Papa?"

"Dume haichague."

"Papa, tafazali."

"Haichague. Bake njo banachagua. Mangaribi, kundi imelala, muke moja inasimama. Haikule, haitembee. Inaangalia upande moja, muda kidogo, inalala tena. Ingine inasimama, inaangalia. Ingine. Mwanzo nilizani inanyoosha miguu. Nilichukua miezi kuelewa. Jua ikiingia, kundi yote inasimama na inaenda upande wenye bake bengi baliangalia. Dume inafuata nyuma, na pembe zake zote." Aliweka fimbo chini. "Muchague. Mi nitafuata, na sitanung'unika. Ila mujue kitu moja: muke haiangalie upande ya kutuma mwengine. Inaangalia kule kwenye itaenda yenyewe."

Tulitazamana. Ningecheka siku nyingine. Wanawake watu wazima, mmoja ana cheo ofisini, tunaambiwa tupige kura kama mbogo. Lakini mzee alikuwa ameweka miaka yake iliyobaki mikononi mwetu na fimbo chini, na hakuna aliyecheka.

Wa kwanza kusimama alikuwa Maman Véronique.

"Wewe uko natafuta sufuria," Baba alimwambia. "Haihesabiwe."

"Nani amekuambia natafuta sufuria?"

Akasimama pale pale, mikono kiunoni, akaitazama nyumba ya Baba, mlango na paa na dirisha lenye ufa, kisha akakaa. Baba aligusa ukingo wa kofia yake akatazama chini. Dada zangu walinitazama, nami nikawatazama wao, na jambo hilo tuliliweka kwa siku nyingine.

Uwineza alisimama. Aligeukia barabara ya Huye, kwa watoto wake na zamu zake, akaangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mkweli, na kumbe ukweli ulimgharimu. Alipoketi alijifunika uso kwa kitenge. Umwali akasimama na kuangalia barabara hiyo hiyo, mbali zaidi, mpaka Kigali. Baba aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu anayeandika.

Nikabaki mimi. Ningependa kusema kwamba macho yangu yalikwenda nyumbani moja kwa moja. Hayakwenda. Yalianzia Kamembe, kwenye meza yangu, chumba changu chenye ufunguo wangu, miaka kumi ya kutoulizwa na mtu nimerudi saa ngapi. Nilisimama muda mrefu kuliko wote. Nilimfikiria Baba kwenye majani ya njia ya kisimani, akilia, na jinsi mtu mwenye sauti kama yake alivyolia saa nzima asisikike. Nikageuka nikaitazama nyumba.

"Mi naenda kule," nilisema. "Vitenge vitanifuata. Siku za soko nitashuka, jioni nitapanda."

Kisha Uwineza, ambaye hupenda mambo yahesabiwe vizuri, akasema, "Ni mbili kwa mbili. Mbogo zikigawanyika, inakuwa aje?"

Baba alitabasamu, na niliapa sitamsahau alivyotabasamu.

"Kundi inagawanyika usiku," alisema. "Hizi zinakula huku, hizi zinakula kule. Asubuhi zinakutana tena."

Umwali aliinuka kwenye valizi. Niliona anaifungua nikajiandaa kupigana, lakini alikwenda kwenye mfuko wake mdogo wa safari, akatoa kitenge chake, gauni la kulalia, kandambili na mswaki, akavipanga ndani ya ile valizi kubwa ya bluu, akaiburuta mpaka chumba cha nyuma akaisukuma chini ya kitanda.

"Inabaki hapa," alisema alipotoka, bila kumtazama yeyote. "Sitaki kubeba muzigo kila mara nikija."

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Nilihamia kilimani wiki iliyofuata, na sitawadanganya kwamba ni raha tupu. Baba anaamka saa kumi na moja alfajiri na anataka kila mtu aamke. Tunagombana kuhusu chumvi. Nilimnunulia simu yenye herufi ndogo akairudisha kwenye kasha. Njia ya kisimani tumeichimbia ngazi, mimi na Maman Véronique, Baba akitukemea kutoka juu kwamba tunachimba kama watafiti.

Mvua za mwezi wa nne zilipokwisha, shamba likatoka tena. Alhamisi jioni alikaa mlangoni na simu, akibonyeza kwa kile kidole chake. Niliketi karibu nikachungulia. Aliandika MBOGO. Akaitazama. Akafuta herufi ya mwisho, taratibu, akaweka nyingine. MBOGA IMETOKA KWA SHAMBA. IKO MINGI. MUKUJE BOTE.

Hakubonyeza mara moja. Nilijua anaogopa nini, maana na mimi nilikuwa naogopa hicho hicho. Kwa mbogo watu hupanda basi alfajiri. Kwa mboga huwezi kujua.

"Tuma, Papa."

Akatuma, akazima simu.

Jumamosi alivaa koti la Jumapili akakaa kwenye kiti chake, akajifanya anatazama msitu. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita, na Maman Véronique akaanza kufunika sufuria. Saa saba na nusu mtu alitokea kwenye kona ya njia, mikono mitupu, hana hata mkoba. Yaya Umwali.

"Moja," Baba alisema kwa sauti ya chini, sauti yake ya kwenye kaye.

Nyuma yake, akikimbilia kumfikia, viatu mkononi kwa sababu ya tope, Uwineza.

"Mbili."

Akanigeukia. "Tatu."

"Na mi?" Maman Véronique alipaza sauti kutoka jikoni. "Mi munanisahau?"

Baba alirekebisha kofia yake kwanza.

"Ine," alisema.